Mtoto anakua, kovu halikui

*Watoto huungua kwa uji, chai na maji ya kuoga katika nyua za nyumba zetu kila siku. Wengi hupona kidonda. Yanayofuata baada ya hapo, kwa mtoto na kwa familia yake, hayana daftari wala bajeti.*

Saa kumi na mbili na nusu jioni, nyumba ya kupanga uswahilini. Vyumba vinatazamana, korido ni moja, na kila mlango una jiko lake la mkaa sakafuni, kwa kuwa chumba cha mpangaji ndiyo sebule yake, ndiyo stoo yake na ndimo anamolala na wanawe. Kwenye jiko mojawapo uji unatokota. Mama ameingia ndani mara moja kuchukua sukari. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anauona mpini wa mwiko umetokeza nje ya sufuria. Anaufikia, anauvuta.

Wauguzi wa wodi za majeraha ya moto hawahitaji kusimuliwa. Mwili wenyewe unaeleza: uso, shingo, kifua na mkono ule uliovuta. Tena uji si maji. Maji ya moto huchuruzika, lakini uji hunata na kubaki na joto lake juu ya ngozi hadi uoshwe.

Kabla mtoto hajafika hospitali, swali la kwanza limeshaulizwa, na linaulizwa na majirani, mawifi na hata baba mzazi: mama ulikuwa wapi? Swali la pili, ambalo ni zito zaidi, halina wa kuliuliza. Mtoto huyu ataishije akifika darasa la nne, akibalehe, akianza kutafuta kazi? Makala haya yanafuata swali hilo la pili.

Tunaowahesabu na tusiowahesabu

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu theluthi mbili ya vifo hivyo hutokea katika kanda za WHO za Afrika na Kusini-Mashariki mwa Asia.

Mwaka 2008, WHO na UNICEF zilitoa ripoti ya dunia kuhusu kuwakinga watoto na ajali. Ripoti hiyo ilionyesha kuwa zaidi ya watoto 2,000 walikuwa wakifa kila siku kwa ajali ambazo hakuna aliyezikusudia: barabarani, majini, kwa moto, kwa kuanguka na kwa sumu. Kwa upande wa moto, kiwango cha vifo vya watoto katika nchi za kipato cha chini na cha kati kilikuwa mara 11 ya kile cha nchi tajiri.

Hao ni waliokufa. Ripoti hiyohiyo ilisema makumi ya mamilioni ya watoto wengine huhitaji matibabu ya hospitali kila mwaka kwa ajali zisizoua, na wengi wao hubaki na ulemavu wa maisha. Kifo huandikwa siku moja na kikaisha kuandikwa. Mtoto aliyeruhusiwa kutoka wodini akiwa hai huhesabiwa kuwa amepona, na jalada lake hufungwa.

Kidonda kinapofunga

Ngozi ya mtoto mdogo ni nyembamba kuliko ya mtu mzima. Chai inayomuunguza baba ulimi tu yaweza kumwachia mtoto kidonda cha kina kifuani. Mwili wa mtoto pia umegawanyika tofauti na wetu: kichwa cha mtoto mchanga huchukua karibu moja ya tano ya ngozi yake yote, hivyo kikombe kimoja kinachomwagika kutoka juu huunguza sehemu kubwa.

Kipimo cha haraka ni kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole vyake, ambacho ni takriban asilimia 1 ya ngozi ya mwili. Jeraha likizidi viganja kumi, mtoto huyo anahitaji kuongezewa maji mwilini kwa dripu, na anahitaji haraka.

Akivuka siku hizo za mwanzo bila vijidudu kukivamia kidonda, familia hushusha pumzi. Hapo ndipo safari ndefu inapoanza. Kidonda kilichochukua zaidi ya wiki tatu kufunga mara nyingi huacha kovu nene. Kwa miezi mingi, hata mwaka mmoja na nusu au miwili, kovu hilo huwa halijatulia. Linawasha usiku, linainuka, na linavuta.

Likiwa juu ya kiungo, linavuta kiungo. Kiwiko hukunjika kisikunjuke. Kwapa hujifunga na mkono ukashindwa kupanda juu. Kidevu hushuka kuelekea kifuani, mdomo wa chini ukavutika, mate yakawa hayazuiliki.

Na mtoto anaendelea kukua. Mifupa inarefuka, kovu linabaki palepale. Ndiyo maana aliyefanyiwa upasuaji mzuri akiwa na miaka 3 anaweza kuhitaji mwingine akiwa na 8, na mwingine tena akibalehe. Msichana aliyeungua kifuani akiwa mchanga huenda akahitaji kufanyiwa upasuaji anapoota matiti, kwa sababu ngozi iliyokakamaa haiyapi nafasi. Na baada ya miaka mingi, kovu linalochanikachanika na kutoa kidonda kisichopona linaweza kugeuka saratani ya ngozi, hatari inayojulikana na madaktari tangu zamani.

> Mkao unaompunguzia mtoto maumivu ndio mkao ambao kovu litamfungia.

Kosa linalogharimu zaidi hufanywa kwa huruma. Mtoto aliyeungua shingo akilia, mama humwekea mto chini ya kichwa ili shingo ilegee. Anayejua kazi hiyo, mtaalamu wa fiziotherapia, huuondoa mto huo, akakunja kanga na kuiweka chini ya mabega, kichwa kilale nyuma na shingo inyooke. Mtoto analia zaidi. Mama anamwona mtaalamu ni katili, na usiku wakibaki wenyewe mto unarudi. Asipokaa mtu kumweleza kwa utulivu kwamba shingo ikipona imekunjwa itabaki imekunjwa, huwezi kumlaumu.

Mkono wa kulia

Mtazame mtoto wa chekechea aliyeshika kaa la moto alipokuwa akitambaa. Vidole viwili vya katikati vimelala kiganjani, vimefunikwa na ngozi nyororo inayong'aa isiyo na mikunjo. Kucha haziachi kukua, na zikikua zinachoma kiganja. Jasho na uchafu hukaa ndani ya mkunjo huo, ambako sabuni haifiki. Penseli anaibana kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada. Vifungo vya shati anafungiwa na dada yake.

Wakati wa kula, hawezi kumega tonge kwa mkono wa kulia. Anapeleka wa kushoto kwenye sahani ya pamoja, na mgeni asiyejua anamkemea. Baada ya kukemewa mara kadhaa, mtoto hujitenga na sahani, akala peke yake pembeni.

Haya mambo madogo ndiyo yanayojaza siku ya mtoto aliyeungua. Shuleni ameanza akiwa nyuma kwa sababu muhula mzima ulipita akiwa wodini. Wenzake wanampa jina la kovu lake. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani hana muda wa kusubiri mkono unaoandika polepole. Wapo wanaoacha shule bila mtu yeyote kusema kwamba wameachishwa.

Mwili nao unadai. Kuungua sana huufanya mwili uchome nguvu kwa kasi kubwa, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa mwaka mmoja hadi miwili baada ya ajali. Mtoto huyo anahitaji mayai, maharage, samaki na maziwa kuliko ndugu zake, na asipovipata hukonda na kudumaa. Hayo yanatakiwa katika nyumba ambayo kipato chake kimeanguka kwa sababu ya ajali yenyewe.

Nyumba nzima inaugua

Mtoto aliyelazwa kwa kuungua hakai wodini siku mbili. Hukaa wiki, mara nyingine miezi, na mama hukaa naye. Biashara ya vitumbua au ya genge iliyokuwa ikizunguka kila asubuhi inasimama. Mchango wa kikoba haupelekwi. Waliobaki nyumbani wanalelewa na bibi au na binti mkubwa, ambaye naye sasa shule anaihudhuria kwa kubahatisha.

Kila siku mbili tatu kidonda kinasafishwa na kufungwa upya. Bandeji iliyogandamana na nyama inalowanishwa kwa maji ya chumvi, kisha inabanduliwa taratibu. Mtoto asipopewa dawa ya kutosha ya maumivu, atajifunza kulitambua toroli la vidonda kwa mlio wa magurudumu yake, ataanza kutetemeka kabla halijafika kitandani. Wengine hubaki na woga huo kwa miaka: wanashtuka usingizini, wanakataa kuoga maji ya uvuguvugu, wanakimbia jikoni.

Mama hubeba lake. Analala chini ya kitanda cha mwanawe, na kila anayekuja kumjulia hali anataka asimuliwe tena ilivyotokea. Ndoa huyumba kwa lawama. Sonona ya mama baada ya ajali ya mtoto ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, lakini anayepimwa joto na mapigo ya moyo pale wodini ni mtoto peke yake.

Uzembe wa nani?

Hapa ndipo watu wanapogawanyika. Upande mmoja unasema mtoto ni wa kuangaliwa, na mzazi aliyeacha jiko wazi awajibike. Hoja hii ina mzizi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa kumlinda mtoto, na hakuna serikali itakayokaa katika kila korido kuangalia sufuria.

Upande wa pili unauliza: mama aangalie kwa macho mangapi? Ana chumba kimoja, watoto watatu, maji ya kwenda kuchota na chakula cha kukipikia sakafuni. Aliyeachiwa mdogo wake mara nyingi ni mtoto wa miaka saba. Ajali inayotokea kwa namna ileile, saa ileile, katika maelfu ya nyumba zinazofanana, haiwezi kuelezwa kwa uzembe wa mtu mmoja mmoja.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, na sababu yake iko kwenye matokeo. Lawama haijawahi kuinua jiko kutoka sakafuni. Inachofanya ni kumtia mama aibu, na mama mwenye aibu huchelewa. Anajaribu kwanza nyumbani, anaogopa kuhojiwa hospitalini, anaacha kliniki za marudio asiulizwe tena. Kila siku ya kuchelewa huongezewa kwenye kovu.

Lawama huficha pia sababu nyingine. Watoto wenye kifafa huangukia motoni wakati wa degedege. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, Dk Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa wenye makovu mabaya ya moto katika jamii ambayo wengi waliogopa kumgusa mtu aliyeanguka wakiamini kifafa huambukiza. Kwa mtoto wa namna hiyo, kinga ya moto ni kidonge cha kifafa kinachomezwa kila siku bila kukosa.

Maji kwanza

Mtoto akiungua, majirani hufika na dawa zao. Mmoja ana manyoya ya sungura, mwingine dawa ya meno, mwingine ute wa yai, unga au mafuta ya kupikia. Wote wana nia njema. Lakini manyoya na unga hugandamana na kidonda na kuingiza vijidudu, na hospitalini lazima yabanduliwe kabla daktari hajaona kina cha jeraha.

Kinachosaidia ni maji safi ya baridi ya kawaida, yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Barafu haifai, kwa sababu nayo huumiza ngozi. Pasipo bomba, maji humiminwa polepole kwa jagi au kata. Nguo na vitu kama bangili huvuliwa mapema, isipokuwa kilichogandamana na ngozi. Mwili wote uliobaki ufunikwe mtoto asishikwe na baridi, kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi na safari ya hospitali ianze. Hata kama dakika zimepita, maji bado yana faida ndani ya saa tatu za kwanza.

> Dakika 20 za maji zinaweza kupunguza kina cha jeraha, na kina cha jeraha ndicho kinachoamua ukubwa wa kovu.

Kuzuia au kurekebisha?

Hata miongoni mwa wanaolijali tatizo, kuna mvutano. Wapo wanaosema kila shilingi iende kwenye kuzuia, kwa kuwa upasuaji wa kurekebisha makovu ni ghali na wapasuaji wake ni wachache mno kwa idadi ya watu wetu. Wengine wanasema mtoto mwenye kidevu kilichonata kifuani leo hawezi kuambiwa asubiri kampeni.

Kwa upande wa kuzuia, nafasi kubwa imefunguka. Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Mjadala wake umekuwa juu ya misitu na moshi, na ni sawa. Kuungua kwa watoto kulistahili kuwa hoja ya tatu.

Maana gesi peke yake haimwokoi mtoto. Mtungi mdogo wa kilo 6 unaogawiwa kwa wingi una kichomeo juu yake, na sufuria hukaa hapohapo. Ukiwekwa sakafuni, sufuria iko usawa wa uso wa mtoto anayejifunza kutembea, tena inayumba kuliko ilivyokuwa juu ya mafiga. Anayegawa mtungi agawe na maelekezo: mahali pa kupikia painuliwe kufika kiunoni mwa mtu mzima, mpini uelekezwe ukutani, na kwenye beseni la kuogea maji ya baridi yatangulie, ya moto yafuate.

Kwa upande wa kurekebisha, mifano ipo. CCBRT jijini Dar es Salaam hufanya upasuaji wa kurekebisha viungo. Jijini Arusha, Kafika House, iliyojulikana kwanza kama The Plaster House, huwapokea watoto kabla na baada ya upasuaji unaofanyika hospitalini, wakakaa hapo hadi wapone na kufanyishwa mazoezi.

Somo la Arusha liko kwenye hicho kipindi cha baada. Daktari hukata kovu, akanyoosha vidole, akapandikiza ngozi iliyotolewa pajani. Mkono huo usipovaa banzi kila usiku kwa miezi, na usipofanyishwa mazoezi, kovu huvuta upya. Mtoto anayerudishwa moja kwa moja kijijini, mbali na mtaalamu yeyote, anaweza kupoteza kazi yote ya chumba cha upasuaji kabla mwaka haujaisha.

Nani analipa?

Sera ya Tanzania inawasamehe watoto wa chini ya miaka mitano gharama za matibabu katika vituo vya umma. Tatizo la kovu ni kwamba haliheshimu siku ya kuzaliwa. Mtoto anaungua akiwa na miaka miwili, na upasuaji wake mwingi unamkuta amekwisha vuka mitano.

Toto Afya Kadi, bima ya watoto iliyokuwa ikilipiwa Sh50,400 kwa mwaka, ilikuwa mwavuli wa familia nyingi hadi usajili wa mtoto mmoja mmoja uliposimamishwa mwaka 2023. Mfuko wa bima hiyo ulieleza kuwa wazazi wengi huwakatia bima watoto walio wagonjwa tayari, na mfuko unaolipia wagonjwa watupu hauwezi kusimama. Wazazi nao walikuwa na jibu: mtoto mgonjwa ndiye anayeihitaji.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ilitungwa kuumaliza mvutano huo kwa kuwaingiza wote, wazima na wagonjwa. Kipimo chake kwa watoto walioungua kitakuwa chepesi kukiona. Je, kitita cha bima kinalipia banzi, mazoezi ya viungo na upasuaji wa pili na wa tatu, au kinaishia kwenye dripu na bandeji za mwezi wa kwanza?

Kinachowezekana sasa

Mei 2023, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziziingize huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mgonjwa uwezo wake, katika mfumo wa afya wa kawaida. Kulitekeleza kwa watoto walioungua hakuhitaji kusubiri majengo mapya.

Kwanza, hakuna mtoto aliyeungua kwenye kiungo anayepaswa kuruhusiwa bila banzi na bila mama kuonyeshwa kwa vitendo namna ya kulifunga na kulifungua. Banzi zuri linaweza kutengenezwa kwa plasta ileile inayofungia mifupa iliyovunjika.

Pili, Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Mtoto anayetoka wodini akabidhiwe kwa mhudumu wa mtaa wake, kwa jina na kwa tarehe. Huyo apite kuangalia kovu, aulize kuhusu chakula, amrudishe hospitali kiungo kinapoanza kuvuta. Aulize hali ya mama pia.

Tatu, ofisa ustawi wa jamii na mwalimu mkuu wajue mtoto anarudi shule lini na akiwa na mahitaji gani. Muda wa ziada wa kuandika na onyo kali dhidi ya majina ya dhihaka havigharimu shilingi.

Nne, kila hospitali ya wilaya iweke rejista ya watoto walioungua inayoendelea baada ya kuruhusiwa: nani amerudi kliniki, nani kiungo chake kimekakamaa, nani ameacha shule. Bila rejista hiyo, kila anayeomba fedha bungeni au kwenye halmashauri kwa ajili ya watoto hawa ataulizwa ni wangapi, na hatakuwa na jibu.

Mtoto aliyeungua akiwa na mwaka mmoja na nusu ni mgonjwa hadi mifupa yake iache kukua. Huo ni muda wa zaidi ya miaka kumi, na ndio muda ambao hospitali, bima na shule zinapaswa kumpangia tangu siku ya kwanza anapoingizwa wodini.